Vinundu kwenye tezi za nguruwe mwitu: ni kifua kikuu au ni jambo jingine?

Kusini na katikati ya Hispania, msimu wa uwindaji huanza Oktoba na kuishia Februari. Windo kubwa la kutumia mbwa, ambalo wenyeji huliita montería, huweza kuleta makumi ya mizoga kwa siku moja, yote ikalazwa kwenye sakafu moja ya saruji kumsubiri daktari wa mifugo. Jua linazama, wawindaji wana haraka, na tezi limfu ya kwanza inayopasuliwa (kinundu kidogo kinachochuja majimaji ya mwili yaitwayo limfu) inatoa kitu cheupe kigumu. Mmoja anasema ni kifua kikuu, mwingine anasema ni jipu la kawaida. Kwa macho matupu wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na ndiyo sababu ya mwongozo huu. Kinundu ni swali, si jibu. Na tezi isiyo na kinundu nayo haimtoi mnyama hatiani.

Nguruwe mwitu anayezungumziwa hapa ni Sus scrofa, babu wa nguruwe wa kufugwa. Si nguruwe pori wa misitu yetu ya Afrika Mashariki, wala si ngiri, ingawa ngiri ana nafasi yake katika habari hii na tutamgusa mbele. Huko Hispania na Ureno wakosaji wakuu ni Mycobacterium bovis na Mycobacterium caprae, bakteria walewale wanaosumbua ng'ombe na mbuzi. Sehemu za kaskazini mwa Italia, na pia Ufaransa, yupo Mycobacterium microti anayetoka kwa panya wa mashambani. Huyu ana tabia zake, na huipotosha maabara isiyomfahamu.

Kabla ya kisu cha kwanza

Makosa mengi hutokea kabla hata ngozi haijapasuliwa. La kwanza ni kichwa. Mwindaji akipata dume lenye meno marefu hukikata kichwa akaondoka nacho kama nyara, na humo ndimo zilimo tezi zinazobeba jibu. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka kichwa (ukiacha meno) na kiwambo cha tumbo viambatane na mwili, kwa sababu ya uchunguzi wa minyoo ya Trichinella. Itumie kanuni hiyo kwa faida yako: kichwa, mwili na fungu la viungo vya ndani vifungwe lebo zenye namba moja. Viungo vikichanganyika kwenye ndoo moja, mapafu ya huyu yatahesabiwa kuwa ya yule, na takwimu za msimu mzima hazitafaa kitu.

Vaa glavu mbili, za plastiki ndani na za kuzuia kukatwa nje, na barakoa ya kuchuja hewa ya FFP2 au zaidi. Fanya kazi penye hewa inayopita. Usikwangue wala usipulizie kinundu kikavu, maana vumbi lake ndilo linaloingia mapafuni. Visu viwe viwili kwa uchache. Kimoja cha kufungulia mwili, kingine cha kupasulia tezi tu, na kila baada ya mnyama kioshwe na kutumbukizwa katika maji ya nyuzi 82 za selisiasi. Kisu kilichopasua usaha wa mnyama namba 4 kikiingia moja kwa moja kwenye tezi ya namba 5, PCR, kipimo kinachotafuta DNA ya bakteria, itakuambia wote ni wagonjwa, na haitakuwa na njia ya kujua kuwa ilidanganywa.

Kadiria umri kwa meno kabla ya kuendelea. Gego la pili la kudumu huchomoza karibu na mwaka mmoja, la tatu hukaribia miaka miwili. Andika umri huo pembeni ya kila tezi, kwa sababu kinundu kimoja kina maana moja kwa mtoto wa miezi minane na maana nyingine kabisa kwa jike la miaka sita.

Dalili: tezi ya taya ina kitu cheupe au cha manjano, kikavu, kinachokwaruza kisu

Hii ndiyo sura ya kawaida ya kifua kikuu kwa nguruwe mwitu. Tezi za taya la chini ziko upande wa ndani wa pembe ya taya, jirani na tezi ya mate, moja kila upande au kundi dogo. Huathirika kuliko nyingine zote: kwa nguruwe wa Hispania waliothibitishwa maabara, walio wengi mno wana kidonda katika tezi za kichwa, na baadhi hawana kwingineko. Sababu ni mdomo. Mnyama huyu hula mizoga, hufukua udongo, hunywa na kugaagaa katika dimbwi lilelile. Bakteria hupitia tonsili na utando wa koo, kisha limfu huwapeleka kwenye kituo cha karibu, ambacho ni tezi ya taya.

Kidonda cha kweli huanza kama nukta ya milimita 1 na huweza kukua mpaka tezi nzima igeuke mfuko. Ndani yake kuna kitu kikavu kama maziwa mgando yaliyokamuliwa maji yote, cheupe au cha manjano hafifu, kilichozungukwa na ganda gumu. Katika wanyama wazima chokaa huwa nyingi, na kisu hutoa mkwaruzo wa mchanga. Sikiliza mkwaruzo huo, kwa kuwa sikio husaidia pale jicho linaposita. Hata hivyo mkwaruzo wenyewe hauthibitishi kitu, maana wapo wengine wanaoiga sura hii.

Anayeiga vizuri zaidi ni Rhodococcus equi, anayefahamika sana kwa majipu ya mapafu ya watoto wa farasi. Hukaa udongoni na kwenye kinyesi, huingia kwa mdomo vilevile, na hupenda tezi ileile. Usaha wake mara nyingi ni laini zaidi, mzito kama krimu, na chokaa ni chache, lakini jipu la zamani hukauka likafanana kabisa na la kifua kikuu. Kibaya zaidi, baadhi ya seli zake hushika kidogo rangi ya Ziehl-Neelsen, ile inayowapaka bakteria wa kifua kikuu wekundu, hivyo mtu mwenye haraka huona wekundu na kuandika kifua kikuu. Njia ya kumtambua haina gharama: paka usaha kwenye sahani ya kuoteshea bakteria yenye lishe ya damu na uweke kwenye nyuzi 37. Rhodococcus hutoka ndani ya saa 24 hadi 48, na makoloni yake hulegea kama makamasi, kisha hupata rangi ya waridi hafifu. Hakuna bakteria wa kundi la kifua kikuu anayeota kwa siku mbili. Lakini usifunge faili hapo. Mnyama mmoja anaweza kuwabeba wote wawili katika tezi moja, kwa hiyo sampuli iendelee na safari yake ya wiki nyingi hata kama sahani ya damu imejaa.

Wa pili ni kundi la Mycobacterium avium. Hawa nao wanahimili asidi, yaani hubaki wekundu katika upakaji huohuo, na vidonda vyao hupatikana kwenye tezi za taya na za utumbo. Ganda mara nyingi halijakamilika, mipaka ya kidonda imefifia, na chini ya darubini bakteria huwa wengi kuliko unavyotarajia kwa M. bovis. Hatari yao kwa ng'ombe wa jirani si ile ya M. bovis, lakini huvuruga vipimo vya ngozi vya ng'ombe hao. Kwa macho hawatenganishiki, kwa hiyo kazi iachie PCR. Nguruwe wa kufugwa nao huwapata: katika machinjio ya wilaya ya Mubende, Uganda, bakteria wa jamii hii wametambuliwa ndani ya tezi zenye vinundu, na mkaguzi asiyepeleka sampuli maabara angeziita zote kifua kikuu cha ng'ombe.

Wa tatu ni majipu ya kawaida, ya Trueperella pyogenes au Streptococcus, yanayofuata jeraha la mdomo, jino lililovunjika au mwiba. Haya yana usaha wa maji, wa kijani au wa rangi ya maziwa, wenye harufu kali. Kidonda cha kifua kikuu hakinuki. Pua ikikataa, anza na jipu la kawaida. Ukikuta kipande cha risasi, unywele au mwiba katikati, jibu limejitoa lenyewe.

Sasa M. microti. Kidonda chake hubaki kichwani, kidogo, chenye chokaa, na huwezi kukitofautisha na cha M. bovis. Maabara huotesha kwa wiki 12 bila kitu, ikaandika hasi. PCR ya moja kwa moja kutoka kwenye nyama ikasema chanya. Watu huanza kulaumiana kwa uchafuzi wa sampuli, kumbe bakteria huyu huota kwa shida sana na mara nyingi haoti kabisa. Ukiwa kaskazini mwa Italia au jirani zake na ukakutana na hali hii, omba utambuzi wa spishi kwa DNA kabla ya kuitilia shaka PCR.

Dalili: huoni kinundu popote, lakini kingamwili au PCR zinasema chanya

Kwanza shuku kisu chako. Kupasua tezi mara moja katikati kunaacha vidonda vidogo vilivyo pembeni. Itoe tezi nzima, ondoa mafuta, kisha ikate vipande vya unene wa milimita 2 hadi 3 kama unavyokata kitunguu, ukikandamiza kila kipande kwa kidole. Fanya hivyo kwa tezi za taya za pande zote mbili. Ukikata ya kushoto peke yake kwa sababu ya kulia iliraruliwa na mbwa, andika hivyo, usiandike "safi".

Fuata mpangilio huu: taya la chini, nyuma ya koo, tonsili, tezi zilizo kwenye mgawanyiko wa bomba la hewa, tezi za kati ya mapafu, tezi ya ini, tezi za utando wa utumbo hasa karibu na makutano ya utumbo mwembamba na mpana. Usisahau kwamba nguruwe ana tawi la ziada la hewa linalotoka juu ya mgawanyiko kwenda sehemu ya mbele ya pafu la kulia, na hapo pana tezi yake. Hiyo ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Kama umekata vizuri na bado hakuna kitu, mnyama anaweza kuwa ameambukizwa karibuni au kidonda bado ni cha darubini tu. Wapo wenye bakteria hai kwenye tezi zisizo na alama yoyote. Ndiyo maana katika ufuatiliaji makini tezi za kichwa huchukuliwa hata zikiwa nzuri, zikakusanywa pamoja na kuoteshwa.

Kwa nguruwe, tezi limfu imegeuzwa ndani nje: sehemu ambayo kwa ng'ombe iko pembeni, kwake iko katikati. Mkaguzi aliyezoea ng'ombe huona madoa meupe ya kawaida katikati ya tezi ya nguruwe na kudhani ni kidonda kinachoanza. Doa la kawaida ni laini, halina ganda, na halitoki ukilichokoa kwa ncha ya kisu.

Dalili: mapafu yana maeneo magumu

Papasa kwanza, kata baadaye. Risasi ya kifuani hujaza pafu damu na kuficha kila kitu, lakini kidole huhisi kinundu kigumu ndani ya damu iliyoganda.

Ugumu wa kijivu kwenye kingo za nyuma za mapafu, ulioinuka kidogo na wenye mpaka wa mstari, ni minyoo ya Metastrongylus mara nyingi kuliko kifua kikuu. Kata ncha ya pafu hilo, minya mikondo ya hewa kuelekea kwenye mkato, na nyuzi nyeupe zenye urefu wa sentimita chache zitachomoza zenyewe. Vinundu vya kifua kikuu hukaa popote, ni vya duara, vina ganda, na karibu kila mara tezi inayopokea limfu ya pafu nayo imeharibika. Pafu lenye vinundu na tezi safi kabisa linakutaka utafute sababu nyingine.

Punje ndogo nyingi za ukubwa wa mbegu ya mtama, zilizotawanyika katika mapafu yote mawili, ni jambo zito: bakteria wamepita kwenye damu. Tazama mara moja bandama, ini, figo na matiti.

Dalili: ini au bandama vina madoa

Madoa meupe bapa, yasiyo na kina, yaliyotandaa juu ya ini kama maziwa yaliyomwagika, ni njia za viwavi wa mnyoo Ascaris suum. Yakate: hakuna kinundu chini yake. Kifuko chenye maji maang'avu kikining'inia kwenye ini ni kiwavi wa tegu. Kikifa hukauka na kuwa na chokaa, na hapo ndipo hukosewa. Kina ganda jembamba linalobanduka zima, wakati kinundu cha kifua kikuu hakibanduki kwa kuwa ganda lake limeshikana na nyama. Kinundu cha kweli ndani ya bandama, pamoja na cha kichwani, huandikwa kuwa ugonjwa uliosambaa.

Dalili: tezi ni nyeusi kwa damu na bandama imevimba kupita kiasi

Acha kukata. Hiyo si sura ya kifua kikuu. Tezi za tumbo na za figo zinazofanana na bonge la damu, pamoja na bandama nyeusi iliyovimba, ni za homa ya nguruwe ya Afrika mpaka maabara iseme vinginevyo. Ugonjwa huo ulielezwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, na leo unaua nguruwe mwitu katika nchi nyingi za Ulaya. Mzoga usiondoke, gari lisiondoke, na mamlaka ya mifugo ipigiwe simu hapohapo.

Kuchukua sampuli ambayo maabara itaweza kuitumia

Gawanya kila kidonda mara mbili. Nusu iende ikiwa mbichi kwa kuotesha na PCR, nusu iwekwe kwenye formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, kwa kiasi cha sehemu 1 ya nyama kwa sehemu 10 za formalini. Kipande cha formalini kisizidi unene wa sentimita 1, la sivyo katikati kitaoza kabla dawa haijafika. Tezi nzima ikitumbukizwa kwenye formalini hakuna tena wa kuotesha chochote, kwa kuwa bakteria wote wamekufa. Kosa hili hutokea kila msimu na haliwezi kurekebishwa.

Chukua kwenye ukingo, pale kitu kikavu kinapokutana na nyama hai. Katikati ya kidonda cha zamani kuna chokaa na bakteria waliokufa. Sampuli mbichi ikae kwenye nyuzi 4 na ifike maabara ndani ya saa 48. Isipowezekana, igandishwe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, mara moja tu. Kuyeyusha na kugandisha tena huua bakteria wachache waliokuwemo.

Maabara: kidonda ni cha mfano, lakini darubini inasema hapana

Usishangae. Vidonda vya nguruwe mwitu vina bakteria wachache sana, na darubini huhitaji takriban bakteria 10,000 katika kila mililita ya sampuli ndipo ianze kuwaona. Pasua tena, chukua ukingo mwingine, na usome angalau maeneo 100 ya slaidi kwa lenzi ya mafuta, ukuzaji wa mara 1,000, kabla ya kuandika hasi.

Kisha kagua upakaji wenyewe. Fuksini ya kaboli hupashwa moto mpaka itoe mvuke bila kuchemka, ikaachwa dakika 5. Asidi ya hidrokloriki ya asilimia 3 katika alkoholi huosha mpaka rangi iache kutiririka, dakika 2 au 3. Bluu ya methilini hufuata kwa dakika moja. Asidi ikikaa kupita kiasi, au mpako ukiwa mnene ukabanduka, chanya hugeuka hasi. Kila kundi la slaidi liwe na slaidi moja inayojulikana kuwa chanya na moja hasi. Bila hizo hujui kama umepima mnyama au umepima chupa ya rangi.

Kinyume chake hutokea pia: kila slaidi ina vijiti vyekundu, hata ile hasi. Hapo tazama maji ya bomba, ambamo huishi mycobacteria wa mazingira, na rangi isiyochujwa, ambayo huacha fuwele nyekundu. Tumia maji yaliyochemshwa au kuchujwa, chuja rangi, na badilisha vyombo vya kutumbukizia slaidi nyingi kwa pamoja.

Kipande cha formalini nacho kina la kusema. Granuloma kamili, yaani kinundu cha seli za kinga, ina kifusi kikavu katikati, chokaa, makrofaji (seli zinazomeza bakteria) wanene waliozunguka, seli kubwa za Langhans zenye viini vingi na ukuta wa nyuzi nje. Wataalamu huigawa katika hatua nne, kutoka mkusanyiko mdogo wa makrofaji usio na ganda mpaka kinundu kikubwa chenye vituo kadhaa vya chokaa. Katika mnyama mmoja utakuta hatua zote pamoja, kwa hiyo usizitumie kuhesabu siku za maambukizi. Rhodococcus huleta neutrofili, seli za usaha, wengi zaidi na usaha wa kweli katikati.

Maabara: hakuna kilichoota, au kimeota kila kitu

Kila kitu kikiota, sampuli ilikuja na udongo au kinyesi, hasa risasi ikiwa ilipita tumboni. Choma uso wa tezi kwa kisu cha moto kisha chukua cha ndani kwa kisu kingine safi. Kama kikiota kilekile kila mara, ongeza nguvu ya kuua bakteria wachafuzi, lakini kwa hatua ndogo.

Kisipoota chochote, mara nyingi dawa ya kusafishia imewaua uliowatafuta. Hidroksidi ya sodiamu ya asilimia 2 hadi 4 inatosha kwa dakika 10 hadi 15, kisha isawazishwe mara moja. Ukiiacha ukaenda kunywa chai, umewaua wote. Kloridi ya heksadesilpiridini kwa kiwango cha mwisho cha asilimia 0.75, dakika 30, ni mpole zaidi kwa M. bovis na tunaipendelea kwa sampuli zenye bakteria wachache. Baadaye zungusha kwenye sentrifuji, tupa maji ya juu, na panda mashapo.

Kosa la pili ni lishe. M. bovis haipendi gliserini. Lishe ya Löwenstein-Jensen ya kawaida, yenye gliserini, imetengenezwa kwa ajili ya kifua kikuu cha binadamu, kwa hiyo panda pia kwenye Löwenstein-Jensen yenye piruveti, Coletsos au Stonebrink, na kama kuna mfumo wa lishe ya maji, utumie sambamba. Soma kila wiki. Makoloni ya kwanza kwa kawaida huonekana kati ya wiki ya 3 na ya 6. Usitupe mirija kabla ya wiki ya 8, na ikiwezekana ifikishe wiki ya 12.

PCR ikiwa hasi kwenye kidonda cha mfano, tazama kwanza kidhibiti cha ndani, kile kinachoonyesha kama kipimo chenyewe kimefanya kazi. Kikishindwa, chokaa na mabaki ya damu vimezuia kimeng'enya: punguza DNA mara 10 na urudie. Kikifanya kazi, tatizo ni kiasi. Vifaa vingi vya kutoa DNA vinakubali takriban miligramu 25 za nyama, na kwenye kidonda chenye bakteria wachache hiyo ni bahati nasibu. Saga gramu 2, zungusha, tumia mashapo. Ukuta wa mycobacteria ni wa nta, haupasuki kwa vimeng'enya peke yake. Piga kwa shanga ndogo au pasha joto kabla.

Seramu: kidonda kipo, kingamwili hakuna

Kwa mnyama mchanga au mwenye kidonda kimoja kidogo, hili si jambo la ajabu. ELISA, yaani vipimo vya kingamwili kwenye seramu (maji ya damu), za nguruwe mwitu hugundua walio na ugonjwa uliosambaa vizuri kuliko walio na nukta moja ya taya. Ubora wa damu nao huangusha matokeo. Damu iliyochotwa kifuani saa nyingi baada ya kifo imechanganyika na maji ya tumbo na imepasuka. Sindano iingizwe nyuma ya jicho, kwenye mishipa ya vena ya fuvu, ambako damu hubaki safi zaidi. Seramu nyekundu kama juisi ya rozela usiitegemee.

Ukishajibu mnyama mmoja mmoja, lipo swali la msitu wote

Hapa ndipo umri ulioandika mwanzo unapolipa. Msitu ambao ni wazee wachache tu wana kinundu kimoja chenye chokaa kwenye tezi ya taya una maambukizi ya kupokea: chanzo kiko kwingine, pengine ng'ombe au mzoga. Huko Nyuzilandi, nguruwe walioachwa porini hutumika kama walinzi kwa namna hiyo. Wanakula mizoga ya possum (mnyama mdogo wa mitini) wenye M. bovis, na kidonda chao huonyesha kwamba possum wagonjwa wapo karibu. Ngiri na nyati wa Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, nao wamepatikana na M. bovis, na huko mzigo mkubwa ulikuwa kwa nyati.

Msitu ambao watoto wa chini ya mwaka mmoja wana vidonda vilivyosambaa mapafuni na bandamani ni habari nyingine. Hapo nguruwe wenyewe wanaambukizana, kwa kasi, na kwa dozi kubwa. Hali hiyo imeonekana katika hifadhi ya Doñana na katika mashamba ya uwindaji ya kusini-kati mwa Hispania. Tafuta mambo matatu: madimbwi machache ya kiangazi ambamo ng'ombe, paa wekundu na nguruwe hunywa pamoja, chakula kinachomwagwa chini ili kuvuta wanyama wa kuwinda, na matumbo ya windo yanayoachwa porini. Pima pia virusi vya nguruwe vya PCV2 na ugonjwa wa Aujeszky, nao wa virusi, kwa kuwa kinga ikivurugwa navyo vidonda huwa vikubwa.

Jambo la tatu ndilo rahisi kuliondoa, na ndilo tungeanza nalo. Matumbo ya mnyama mmoja mwenye vidonda vilivyosambaa hulisha nguruwe wengine usiku uleule. Hispania iliweka sheria yake juu ya hili mwaka 2020, ikidhibiti taka za uwindaji na ulishaji wa wanyama. Kusanya kila kitu, pamoja na vichwa vilivyokatwa, kwenye vyombo vyenye kifuniko vinavyopelekwa kiwandani kuchomwa au kuyeyushwa. Shimo la chokaa lisilo na kina hufukuliwa kabla ya alfajiri. Mbwa wasipewe kitu kibichi: mbali na kifua kikuu, Aujeszky humuua mbwa ndani ya siku chache, naye hana tiba.

Sakafu isuguliwe kwa maji na sabuni mpaka mafuta yaishe ndipo dawa imwagwe. Klorini juu ya damu na mafuta huisha nguvu bila kuua kitu, hivyo dawa za fenoli ni bora, kwa muda ulioandikwa kwenye chupa.

Aliyejikata kisu akipasua kinundu aoshe jeraha, aandike tarehe, na akiona kidonda kisichopona au kikohozi cha wiki mbili na zaidi aende hospitali na kusema waziwazi kwamba alishika nguruwe mwitu mwenye kifua kikuu. Neno hilo moja hubadilisha matibabu: M. bovis kwa asili yake haisikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za kawaida za kuanzia, na daktari asiyeambiwa hatakuwa na sababu ya kuibadilisha.